Ushindi Uliozidi Kipimo: Uchaguzi wa Bunge la Italia wa Novemba 1876

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 1876 wapiga kura wa Ufalme wa Italia waliitwa kuchagua wabunge 508, na majimbo ambayo hayakupata mshindi siku hiyo yalirudia Jumapili iliyofuata, tarehe 12. Matokeo yalipokamilika, Upande wa Kushoto, uliokuwa umeshika serikali kwa miezi saba na siku chache tu, ulikuwa na viti takriban 414. Upande wa Kulia, uliotawala karibu mfululizo tangu Italia ilipounganishwa mwaka 1861, ulibaki na viti 94. Katika uchaguzi uliotangulia, wa Novemba 1874, ni Kulia waliokuwa na wingi, viti 276 kwa 232. Ndani ya miaka miwili, bila vita, bila njaa na bila mapinduzi, chama kilichoijenga nchi kilikuwa kimegeuka kikundi.

Anayekutana na takwimu hizo kwa mara ya kwanza atadhani kwamba nchi ilibadili mawazo. Walioshindwa walikuwa na maelezo mafupi zaidi: Giovanni Nicotera, Waziri wa Mambo ya Ndani, aliuchonga uchaguzi kwa mikono ya wakuu wa mikoa. Maelezo hayo yameshika hadi leo, nayo yana ukweli mwingi. Tatizo lake ni kwamba yanamtazama dereva na kuisahau gari. Gari aliyoiendesha Nicotera ilikuwa imeundwa na haohao waliokuja kulalamika kwamba imewagonga, na ilikuwa imeundwa kwa namna ambayo yeyote aliyeikalia angefika alikotaka, na pengine kupitiliza.

Kwanza majina, ili msomaji asipotoke. Kulia na Kushoto havikuwa vyama vyenye kadi, matawi na katibu mkuu. Yalikuwa makundi ya waheshimiwa bungeni, kila kundi likiwa na wakubwa wake. Kulia walikuwa warithi wa Camillo Cavour, waziri mkuu wa kwanza wa Italia iliyoungana: watu wa bajeti iliyokaza mkanda, serikali kuu yenye nguvu na kodi nzito ya kulipia madeni ya muungano. Kushoto walikuwa mchanganyiko wa waliowahi kupigana pamoja na Giuseppe Garibaldi, jemadari wa vita vya muungano, mawakili wa miji ya kusini, wamiliki wa ardhi waliochoshwa na kodi, na wanamageuzi wa kaskazini waliotaka haki ya kura ipanuliwe na shule ya msingi iwe ya lazima. Wote wawili waliapa kwa mfalme yuleyule, Vittorio Emanuele II, na baadhi yao, wa pande zote mbili, walikuwa wamefungwa katika magereza ya wafalme walewale kabla ya muungano. Hilo la magereza nitalirudia.

Sheria ya uchaguzi ndiyo inayofungua kisa. Iliyotumika mwaka 1876 ilikuwa bado ile iliyorithiwa kutoka ufalme wa Piemonte na kutandazwa nchi nzima mwaka 1860. Mpiga kura alipaswa kuwa mwanamume, awe ametimiza miaka 25, ajue kusoma na kuandika, na alipe kodi ya moja kwa moja isiyopungua lira 40 kwa mwaka, isipokuwa makundi machache kama maprofesa, mahakimu na watumishi fulani wa serikali ambao elimu au cheo chao kilihesabiwa kuwa kinatosha. Kwa vigezo hivyo, katika nchi yenye watu karibu milioni 27, walioandikishwa walikuwa takriban 605,000 tu, yaani watu wawili na ushei katika kila mia. Kati yao walijitokeza takriban 358,000, asilimia 59.

Tugawanye. Waandikishwa 605,000 kwa majimbo 508 ni kama watu 1,190 kwa jimbo. Waliopiga kura ni kama 705 kwa jimbo. Ili kushinda duru ya kwanza mgombea alihitaji zaidi ya theluthi ya waandikishwa wote na zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, kwa hiyo katika jimbo la wastani alihitaji kura 397 hivi. Asipofika hapo, wawili wa juu walirudiana, na ikiwa idadi ya wapiga kura haikubadilika, kura 353 zilitosha kumpeleka mtu Roma. Idadi hiyo ni ndogo kuliko wageni wa harusi moja kubwa ya mjini. Anayewajua watu 60 kwa majina, na akajua nani kati yao anadaiwa, nani anasubiri uhamisho na nani ana kesi ya mpaka wa shamba, anaweza kuigeuza hesabu nzima.

Upigaji kura wenyewe ulifanyika mbele ya macho. Waandikishwa walikusanyika ukumbini, ambako mwenyekiti aliketi mezani pamoja na wahesabu kura wanne, na majina yakasomwa kwa sauti moja baada ya jingine. Aliyeitwa alisogea mbele, akapewa karatasi tupu iliyofunguliwa, akaenda kuandika juu yake jina la anayemtaka, akaikunja, akairudisha mkononi mwa mwenyekiti, naye ndiye aliyeitumbukiza katika sanduku. Karatasi haikuwa na majina yaliyochapwa wala picha, ila mwandiko wa mtu mwenyewe, katika mji ambao karani wa halmashauri aliujua mwandiko wa kila mwenye shamba kutokana na barua za kulalamikia kodi. Baadhi ya wakubwa waliongeza ujanja juu yake: huyu aliagizwa aandike jina tupu, yule aandike jina pamoja na cheo cha uwakili, wa tatu atangulize jina la ukoo. Kura zilipofunguliwa na kusomwa kwa sauti, msimamizi aliyesimama ukutani aliweza kuhakikisha kila aliyekula takrima ametimiza ahadi. Sheria ilisema kura ni siri, na kwa maana ya sheria ilikuwa siri kweli.

Serikali ya Kulia, kwa upande wake, haikuangushwa na wapiga kura. Ilianguka bungeni, miezi minane kabla ya uchaguzi, kwa sababu ambazo kila moja peke yake isingeiua.

Ya kwanza ilikuwa kodi ya kusaga, macinato kwa Kiitaliano, iliyoanza kutozwa tarehe 1 Januari 1869. Mwananchi aliyepeleka ngano yake kinuni alilipa lira 2 kwa kila kilo 100, na mahindi na nafaka nyingine kwa viwango vya chini. Ili mwenye kinu asidanganye, serikali ilifunga juu ya mhimili wa jiwe la kusagia chombo cha kuhesabu mizunguko, na mwenye kinu akadaiwa kwa idadi ya mizunguko hiyo. Naye akaidai kwa mteja, mara nyingi kwa kukadiria, na ukadiriaji haukumwelekea mteja. Mwezi huohuo wa kwanza ghasia zililipuka, hasa katika nyanda za Emilia, jeshi likatumwa, na zaidi ya watu 250 waliuawa. Waliouawa hawakuwa na kura. Lakini wamiliki wa vinu walikuwa nayo, na mawakili waliowatetea walikuwa nayo, na Kushoto wakapata wimbo ambao ungeweza kuimbwa katika kila kijiji.

Ya pili ilikuwa reli. Serikali ya Marco Minghetti, waziri mkuu wa Kulia, ilikubaliana, kwa mkataba uliotiwa saini Basel mwezi Novemba 1875, kuzinunua reli za Italia ya juu kutoka kampuni ya akina Rothschild, ukoo wa wenye mabenki, na Waziri wa Ujenzi, Silvio Spaventa, akataka dola izimiliki na kuziendesha yenyewe. Wabunge wa Toscana waliokuwa upande wa Kulia walishtuka. Baadhi yao walikuwa na masilahi katika kampuni binafsi za reli, wengine waliamini kwa dhati kwamba dola haina kazi ya kuuza tiketi, na wote walikuwa na kinyongo cha Firenze, mji uliokopa fedha nyingi kujijenga ulipokuwa makao makuu kuanzia 1865, kisha ukaachwa na madeni yake makao yalipohamia Roma mwaka 1871. Meya wa Firenze alikuwa Ubaldino Peruzzi, naye ndiye aliyekuwa kiongozi wao bungeni.

Tarehe 16 Machi 1876 Minghetti alisimama bungeni akatangaza kwamba bajeti ya dola, kwa mara ya kwanza tangu muungano, imelingana. Ilikuwa kazi ya miaka 15 na ndiyo iliyokuwa fahari ya Kulia. Tarehe 18, siku mbili baadaye, hoja iliyohusu namna kodi ya kusaga inavyokusanywa ilipigiwa kura, watu wa Toscana wakaungana na Kushoto, na serikali ikashindwa kwa kura 242 dhidi ya 181. Kodi iliyokuwa imesaidia kulinganisha bajeti ndiyo iliyoizika serikali iliyoilinganisha. Sina hakika kama kuna historia ya fedha za umma yenye kejeli kali kuliko hiyo.

Mfalme akamwita Agostino Depretis, mzee wa miaka 63 kutoka Stradella, ambaye mwezi Oktoba 1875 alikuwa ametoa katika mji wake huo hotuba iliyokuja kuwa ilani ya Kushoto: kodi zipungue, shule iwe ya lazima, haki ya kura ipanuliwe. Tarehe 25 Machi baraza lake liliingia kazini. Wizara ya Mambo ya Ndani akampa Nicotera.

Hapa tutulie kidogo, kwa sababu Nicotera na mtu ambaye yeye alikuja kumwangusha katika uchaguzi huu, Silvio Spaventa, wanafanana kupita kiasi. Nicotera, mzaliwa wa Calabria, alishuka pwani ya Sapri mwezi Juni 1857 pamoja na Carlo Pisacane na kundi dogo la wanamapinduzi, wakitarajia wakulima wa kusini wainuke dhidi ya wafalme wa Bourbon waliowatawala kabla ya muungano. Wakulima hawakuinuka. Pisacane alikufa, Nicotera alijeruhiwa, akakamatwa, akahukumiwa kifo, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akawekwa katika kisiwa cha Favignana hadi mwaka 1860. Silvio Spaventa, mzaliwa wa Bomba katika Abruzzo, alihukumiwa kifo na wafalme haohao mwaka 1852, naye akabadilishiwa kuwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani katika kisiwa cha Santo Stefano hadi mwaka 1859. Wote wawili ni watu wa kusini walioinusa kamba ya kunyongea kwa ajili ya Italia moja. Mmoja alitoka gerezani akiwa na Garibaldi moyoni, mwingine akiwa na falsafa ya dola.

Na dola hiyo Spaventa aliiendesha. Kati ya 1862 na 1864 alikuwa katibu mkuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani, mkono wa kulia wa waziri wake, ambaye hakuwa mwingine ila Ubaldino Peruzzi yuleyule. Walishuka pamoja mwezi Septemba 1864, baada ya askari kufyatulia risasi umati wa Torino uliokuwa ukipinga kuhamishwa kwa makao makuu. Katika miaka hiyo na iliyofuata mfumo ulikaa sawa. Nchi iligawanywa mikoa, ambayo kufikia mwaka 1876 ilikuwa 69, na kila mkoa ukapewa prefetto, ambaye hapa namwita mkuu wa mkoa kwa kuwa msomaji wa Kiswahili atamtambua mara moja: mteule wa serikali kuu, asiyepigiwa kura na mtu, anayeweza kuhamishwa kwa simu ya maandishi iliyotumwa asubuhi.

Mtu huyo alikuwa na nini mkononi? Polisi, kwanza. Kisha uteuzi wa mameya, maana kwa sheria ya mwaka 1865 meya hakuchaguliwa na wananchi wala na madiwani, bali aliteuliwa na mfalme kutoka miongoni mwa madiwani, na aliyependekeza jina alikuwa mkuu wa mkoa. Halmashauri iliyokuwa na kichwa kigumu iliweza kuvunjwa na kuwekewa msimamizi. Bajeti za miji zilipitia ofisini kwake. Kibali cha kubeba bunduki ya kuwindia kilitoka kwa vyombo vilivyo chini yake, na katika mashamba ya kusini mwenye ardhi asiye na bunduki hakuwa mwenye ardhi kamili. Leseni za maduka ya chumvi na tumbaku, bidhaa zilizokuwa za ukiritimba wa dola, ziligawiwa kwa wastahiki, na ustahiki una macho. Kulikuwa na nishani ya Taji la Italia, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambayo mtu aliweza kuivaa kifuani na kuitwa mheshimiwa katika mkahawa. Na daima kulikuwa na barabara iliyosubiri kupimwa, daraja lililosubiri mawe na kituo cha reli ambacho kingeweza kujengwa upande huu wa mto au upande ule.

Wastani wa majimbo kwa mkoa ni saba na ushei, na waandikishwa chini ya 9,000. Kundi la kiasi hicho linaweza kuorodheshwa katika madaftari machache, jina kwa jina, na pembeni ya kila jina pakaandikwa anachotaka.

Kulia hawakuacha mashine hiyo ipate kutu. Mwezi Agosti 1874, miezi mitatu kabla ya uchaguzi wao wa mwisho kushinda, polisi walivamia nyumba iitwayo Villa Ruffi, karibu na Rimini, wakakamata viongozi wa wanajamhuri waliokutana humo, akiwemo mzee Aurelio Saffi, na baadaye kesi ikayeyuka kwa kukosa ushahidi. Mwaka 1875 wakapitisha sheria ya hatua za pekee za usalama kwa Sicilia, na katika mjadala huo Diego Tajani, aliyekuwa amewahi kuwa mwendesha mashtaka mkuu Palermo, alifichua bungeni jinsi polisi wa kisiwa hicho walivyokuwa wakishirikiana na majambazi. Kwa watu wa kusini ujumbe ulikuwa wazi: serikali hii inatuona kama wagonjwa au wahalifu. Tayari katika uchaguzi wa 1874 sehemu kubwa ya kusini ilikuwa imeupa kisogo Upande wa Kulia, licha ya wakuu wote wa mikoa kuwa wa Kulia.

Ukweli huo ni muhimu katika kupima uzito wa mkono wa Nicotera. Mashine haikuwa na nguvu zote. Mwaka 1874 ilikuwa imefanya kazi dhidi ya mkondo na ikashindwa katika sehemu kubwa ya kusini. Mwaka 1876 mkondo na mashine vilielekea upande mmoja.

Mara tu alipoingia wizarani, Nicotera alianza kuwahamisha, kuwastaafisha na kuwabadilisha wakuu wa mikoa kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana. Kujitetea kwake hakukukosa mantiki: watu hawa wameteuliwa na Kulia, wametumika na Kulia kwa miaka 15, nitawaachaje waendeshe uchaguzi wangu? Tatizo la hoja hiyo ni neno la mwisho. Bunge likavunjwa mwezi Oktoba, na kampeni ikawa ya wiki chache. Mameya walikumbushwa nani aliwateua. Halmashauri ziliguswa hapa na pale. Kwa afisa mdogo wa mkoani somo lilikuwa rahisi kusomeka kuliko waraka wowote, kwa kuwa bosi wake wa jana alikuwa tayari amefunga mizigo kwenda mkoa wa mbali.

Na Nicotera mwenyewe hakuwa ametulia. Siku zilezile za uchaguzi gazeti la Kulia la Firenze, Gazzetta d'Italia, lilichapisha tuhuma kwamba baada ya kukamatwa Sapri aliwasaliti wenzake mbele ya waliomhoji. Alilishtaki na kushinda kesi. Ni jambo la kusoma taratibu: mtu aliyefungwa maisha na utawala uliomuogopa kila anayeandika, sasa akiwa waziri wa polisi, anasimama mahakamani kutetea heshima ya kifungo kile, huku barua za wakuu wake wa mikoa zikiendelea kumfikia na hesabu za majimbo.

Silvio Spaventa aligombea Atessa, katika Abruzzo yake ya kuzaliwa, si mbali na Bomba. Alishindwa. Mtu aliyekuwa ameonja Santo Stefano, aliyeisimamia polisi ya nchi nzima, aliyetaka reli ziwe mali ya umma, hakupata nyumbani kwao zile kura mia tatu au nne za kumrudisha bungeni. Vigogo wengine wa Kulia walianguka pia, na katika nusu ya kusini ya nchi wabunge wao waliobaki walihesabika kwa vidole. Spaventa alirudi bungeni baadaye kwa kura za Bergamo, huko Lombardia, kaskazini kabisa, mbali na watu wake.

Je, Nicotera aliiba ushindi? Maoni yangu ni kwamba aliukuza tu. Kushoto wangeshinda mwaka 1876 hata kwa wakuu wa mikoa waliolala usingizi. Kusini ilikuwa yao tangu 1874. Toscana, au angalau kundi la Peruzzi, ilikuwa imeshaingia katika mkono wa serikali mpya, kwa hiyo baadhi ya viti vinavyohesabiwa kwa Kushoto vilikuwa vya watu wa Kulia waliohama na mikoba yao. Tena mpiga kura wa lira 40 kwa mwaka, mwenye kinu, mwenye duka la madawa, wakili wa wilaya, alikuwa mtu mwenye shida ndogondogo ofisini, na desturi yake ilikuwa kumpigia kura anayeweza kufungua mlango. Serikali ilipobadilika bungeni mwezi Machi, mlango ulibadilika mwenye ufunguo, naye akafuata ufunguo. Kilichoongezwa na Nicotera ni kile kipande kati ya wingi wa kutosha, tuseme viti 300, na wingi wa kupindukia wa 414. Kipande hicho ndicho kilichoharibu mambo.

Kuna na wale ambao hawakuwepo. Tangu Januari 1861 padri na mwandishi wa Torino, Giacomo Margotti, alikuwa amewaambia Wakatoliki wenzake wasiwe wateule wala wapiga kura katika dola iliyompokonya Papa ardhi yake, na kufikia miaka ya 1870 Vatikani yenyewe ilikuwa imetamka kwamba kushiriki uchaguzi wa bunge hakufai. Si wote waliotii, na si kila aliyebaki nyumbani alibaki kwa ajili ya dini. Hata hivyo sehemu ya kundi ambalo kwa asili yake lingeunda upande wa kihafidhina wenye mizizi vijijini haikuwa katika mchezo. Kulia walikuwa wahafidhina wasio na kanisa, hivyo walipopoteza ofisi hawakuwa na kitu cha kuegemea. Mashine ilikuwa ndiyo chama chao.

Bunge jipya lilifunguliwa Roma tarehe 20 Novemba, na Francesco Crispi akachaguliwa kuwa spika. Kisha ikaonekana taabu ya kuwa na wabunge mia nne. Upinzani wa watu 94 haukuweza kuiangusha serikali, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya walioshinda kukaa pamoja. Kila kigogo wa Kushoto, Crispi, Nicotera, Benedetto Cairoli, Giuseppe Zanardelli, alikuwa na wabunge wake, wengi wao wakiwa watu wapya waliofika Roma kwa nguvu ya mkuu wa mkoa na si kwa nguvu ya ilani. Zanardelli alijiuzulu uwaziri wa Ujenzi mwezi Novemba 1877, kwa suala la reli tena. Mwezi Desemba ikazuka tuhuma kwamba siri ya simu za maandishi za watu binafsi ilivunjwa na wizara ya Nicotera. Wabunge wa Kushoto wenyewe wakamgeuka, na baraza zima likajiuzulu. Mwaka mmoja na mwezi baada ya ushindi mkubwa kuliko wote, mwenye ushindi alikuwa nje. Crispi aliichukua Mambo ya Ndani, naye hakudumu: Machi 1878 aliondoka baada ya gazeti la Napoli kumtuhumu kwamba amefunga ndoa juu ya ndoa.

Mazuri hayakukosekana. Sheria ya Waziri wa Elimu, Michele Coppino, ya Julai 1877 iliifanya shule kuwa ya lazima kwa watoto wa miaka sita hadi tisa. Kodi ya kusaga ilianza kupunguzwa na mwaka 1884 ikafutwa kabisa. Mwaka 1882 umri wa kupiga kura ulishushwa hadi miaka 21, aliyemaliza masomo ya awali akapata kura bila kuulizwa kodi, na daftari likapanda hadi watu milioni mbili na ushei. Lakini Depretis hakuwa tena na upande wa kuongoza. Alitawala kwa kuokota wingi wake hapa na pale, akiwapokea hata watu wa Kulia waliokuwa tayari, kama alivyosema tena Stradella Oktoba 1882, kujibadilisha na kuwa wapenda maendeleo. Waitaliano waliupa mtindo huo jina la trasformismo, na mizizi yake imo katika bunge hili la 1876, lililokuwa limejaa upande mmoja hadi likakosa pande.

Spaventa alitumia kushindwa kwake kufikiri. Mwezi Mei 1880, mbele ya wapiga kura wake wa Bergamo, alitoa hotuba juu ya haki katika utawala wa serikali. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi ikitawaliwa na vyama, na ikiwa wizara ni mali ya chama kilichoshinda, basi meya aliyeondolewa, halmashauri iliyovunjwa na raia aliyenyimwa kibali wanahitaji mahali pa kushtaki ambapo si ofisi ya yuleyule aliyewatenda. Aliyekuwa akisema hayo alikuwa amekalia kiti hicho miaka 16 nyuma, na sidhani kwamba wakati ule angeipenda hotuba hiyo. Ilibidi aonje Atessa.

Sheria ya tarehe 31 Machi 1889 iliunda katika Baraza la Dola, chombo kikuu cha kuishauri serikali, kitengo cha nne, chenye uwezo wa kusikiliza malalamiko dhidi ya amri za serikali pale ambapo aliyezitoa hakuwa na mamlaka, amevuka mipaka ya mamlaka yake, au amevunja sheria. Waziri mkuu aliyeipitisha alikuwa Crispi, spika wa bunge lile la 1876. Miezi mitatu kabla yake, serikali hiyohiyo ilikuwa imeiachia miji mikubwa ichague mameya wake kupitia madiwani badala ya kusubiri jina litoke kwa mkuu wa mkoa. Midogo ilingoja hadi 1896. Kitengo cha nne kilihitaji rais wa kwanza, na aliyeteuliwa kukikalia alikuwa Silvio Spaventa.